Kaa wa Nyegezi Aliyedhaniwa Amekufa

Kisa hiki kilitokea nyumbani kwa kaka yangu, Nyegezi, hapa Mwanza, kuanzia sikukuu za Desemba hadi mwishoni mwa Mei. Wahusika ni kaa watatu, tangi moja la kioo, binti wa kaka mwenye miaka 11, na mimi shangazi yake. Nafundisha baiolojia sekondari, ndiyo maana simu ilipigwa kwangu. Nakieleza kwa urefu kwa kuwa kaa mmoja alikufa kwa ushauri wangu, na wawili waliobaki walipona kwa mambo ambayo mkazi yeyote wa mji huu anaweza kuyafanya akiwa na ndoo, mchanga na pua yake.

Hawa si kaa wa ziwani. Ni wale wa pwani wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, ambao jioni ukitembea ufukweni Tanga au Bagamoyo unawakuta wakiburuta nyumba zao mchangani. Nitawaita kaa wa kombe. Wapo wanaoishi baharini majini, na wapo wa nchi kavu, wa jenasi ya Coenobita. Hawa wa nchi kavu wanavuta hewa kwa matamvua ambayo lazima yawe mabichi muda wote, lakini ukiwazamisha majini kwa muda mrefu wanakufa maji. Wa kaka walikuwa wa nchi kavu. Na tangu hapa maneno mawili yasichanganywe: kombe ni nyumba ya kuokota, iliyoachwa na konokono aliyekufa, gamba ni la kaa mwenyewe, lile vazi gumu la miguu, magando na kifua. Kombe hulibadili akilichoka au likimbana. Gamba hulivua.

Kaka alikwenda ukweni Tanga kwa Krismasi. Siku ya kurudi binti alikuwa ameshaokota kaa watatu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyang'anya. Wakasafiri nao kwenye basi zaidi ya kilomita 1,000, ndani ya ndoo ya rangi iliyotobolewa mfuniko. Nyumbani kulikuwa na tangi la sentimita 60 kwa 35, kimo 40, lililowahi kuwa la furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Wakamwaga mchanga uliobaki kwenye ujenzi wa uzio, usiozidi sentimita nne, wakaweka kisahani cha maji ya bomba, wakafunika kwa wavu wa dirisha. Binti akawapa majina. Bosi, ambaye kombe lake lilitoshana na ngumi ya mtoto. Pilipili, wa kati, mwenye wekundu kwenye miguu. Na Tone, mdogo kuliko kizibo cha soda. Walikula ugali na dagaa.

Mwishoni mwa Januari Tone alijifukia kwenye kona, akawa haonekani. Siku ya tisa simu ikaja.

"Shangazi shikamoo. Tone hatoki. Mama anasema amekufa, tumtoe kabla hajanuka."

"Marahaba mwanangu. Ananuka?"

"Hapana."

"Basi mfukueni mwone."

Nilikuwa na sababu ya kusema hivyo, na sababu hiyo ndiyo iliyomuua Tone. Kwa miaka kadhaa nimefuga kaa wa ziwani kwenye beseni la maabara, wale wa kwenye mawe ya Capri Point, Potamonautes niloticus. Kaa wa ziwani akijivua gamba, kazi ya kutoka humalizika ndani ya saa chache. Usiku amepasuka mgongo kwa nyuma, asubuhi beseni lina kaa wawili: mmoja mtupu, mwingine laini kama ulimi, amejibanza chini ya jiwe. Siku chache tu anaanza kukakamaa. Kwa hiyo kaa wa siku tisa chini ya mchanga, bila chakula, bila maji, kwangu alikuwa maiti.

Walimfukua kwa kijiko. Tone alikuwa hai. Alikuwa mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji, miguu imelegea, nusu ya mwili iko nje ya kombe, na kando yake kulikuwa na gamba alilotoka kulivua, bado zima. Wifi akadhani ni uchafu, akalitupa. Binti akamwosha Tone kwa maji ya bomba ili apate nguvu. Siku mbili baadaye sebule ilinuka samaki aliyeoza, na hapo ndipo alikuwa amekufa kweli.

Nililia kidogo usiku ule, sioni aibu kusema. Niliuliza swali sahihi, nikapewa jibu sahihi, kisha nikaamua kinyume chake.

Chini ya mchanga kulikuwa kunafanyika nini

Gamba la kaa ni kaitini, kitu kigumu kama cha gamba la mende, iliyokazwa kwa chokaa. Halitanuki. Mwili ukikua, njia ni moja tu, kutoka. Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, gamba jipya huanza kufumwa chini ya lile kuukuu, likiwa laini na limekunjamana, na sehemu ya madini ya gamba la zamani hurudishwa kwenye damu. Wakati huohuo kaa hula sana, hunywa sana, hujaza mafuta na maji tumboni. Siku ikifika huvimba kwa maji, gamba linapasuka, naye anajichomoa mzima mzima. Vinabaki nyuma miguu, magando, vipapasio, utando uliofunika macho, utando wa matamvua, hata utando wa ndani wa sehemu ya utumbo. Ndiyo maana gamba lililovuliwa hufanana na kaa aliyekufa kuliko hata kaa aliyekufa mwenyewe.

Akishatoka, huyo ni mfuko wa maji. Misuli yake haina kitu kigumu cha kujishikiza. Hawezi kusimama, hawezi kubana, hawezi kukimbia. Hadi hapa kaa wa ziwani na kaa wa kombe ni ndugu. Wanaachana kwenye swali moja: maji na chokaa ya kukaza gamba jipya vitatoka wapi?

Kaa wa ziwani amezungukwa na maji na hunyonya madini kutoka humo. Kaa wa kombe wa nchi kavu hana ziwa la kumzunguka. Maji yake ni yale aliyoyabeba mwilini na ndani ya kombe. Chokaa yake ni lile gamba kuukuu, ambalo hulila kidogo kidogo, siku hadi siku, mpaka mara nyingine hakibaki kipande. Basi huchimba chumba chenye ukubwa wa mwili wake kwenye mchanga mbichi, gizani, mbali na wenzake, na huko hubaki mpaka awe mgumu. Wadogo kabisa huchukua wiki mbili hadi nne. Wa kati, wiki nne hadi nane. Wakubwa, miezi miwili na zaidi. Wenzake lazima wawe mbali kwa sababu harufu ya kaa aliyetoka kujivua huwavuta, nao humla.

Tone kwa siku zake tisa alikuwa katikati kabisa ya kazi. Tulibomoa chumba chake, tukamnyang'anya chakula cha pekee alichokuwa nacho, tukamwagia maji yenye klorini kwenye matamvua mapya. Hata daktari wa wanyama angekuwa ameketi pale sebuleni asingekuwa na la kufanya baada ya hapo.

Lakini nikilitazama tangi lile la Januari, naona kosa lilianza kabla ya kijiko. Sentimita nne za mchanga mkavu hazitoshi kumficha hata Tone. Wavu wa dirisha uliachia unyevu wote utoke. Maji ya chumvi hayakuwepo. Hata tungemwacha, nafasi yake ilikuwa ndogo. Mtu akinipigia leo kwamba kaa wake amejifukia, swali langu la kwanza ni kina cha mchanga.

Bosi anaanza kubadilika

Katikati ya Machi binti, ambaye sasa alikuwa na daftari la kuandika kila alichokiona, alinisomea kwenye simu. Bosi anaingia kwenye maji mara tatu kwa usiku. Bosi anachimba kona zote nne, anafika kwenye kioo, anahama. Bosi hapendi kubebwa. Bosi amekuwa wa kijivu kama majivu ya jikoni. Macho yake yana ukungu.

Zile zilikuwa dalili zote za kitabuni, zimeandikwa na mtoto ambaye hakuwahi kusoma kitabu chenyewe. Kuchimba kila kona na kuhama ndiko kulikonishtua kuliko mengine. Alikuwa anatafuta kina na hakipati.

Hapo tulikuwa na uamuzi mgumu. Kaa aliyekaribia kujivua hatakiwi kusumbuliwa. Tukimwacha, atajivua juu ya mchanga, mbele ya Pilipili. Tukimhamisha, tunamchosha wakati anahitaji akiba yake yote. Nilisema ahamishwe, na bado naona ni sawa, kwa hoja moja: alikuwa bado anatembea. Kaa anayetembea na kunywa anaweza kuvumilia usiku mmoja kwenye beseni lenye mchanga mbichi. Kaa aliyekwisha jifukia haguswi hata kama mchanga ni mbaya.

Mchanga tuliuchukua Luchelele, ufukweni, pale ulipokauka. Tuliuosha mpaka maji yakatoka meupe, tukauanika juu ya bati siku mbili za jua. Maji ya kuuloanisha yalikuwa ya bomba yaliyokaa kwenye ndoo wazi kwa saa 24 ili klorini itoke. Kipimo cha ubichi nilimfundisha binti kwa mkono: ufinye mchanga, usimame kama tonge la ugali, uchome kidole, tundu lisibomoke. Ukitiririka maji umezidi, na chumba cha kaa kitajaa. Ukimwagika umekauka, na chumba kitamwangukia.

Upande wa Bosi tuliweka sentimita 20. Kanuni ninayoifuata sasa ni angalau sentimita 15, au mara tatu ya kimo cha kaa mkubwa kuliko wote, ile itakayokuwa kubwa zaidi. Fundi vioo wa Buzuruga alitukatia kipande cha kugawa tangi katikati. Mchanga ulikuwa ndoo moja na nusu ya lita 20, karibu kilo 50, na kigoda cha zamani kilianza kulia, kwa hiyo tangi likahamia juu ya matofali sakafuni. Nalisema hili kwa sababu wengi huwaza kioo na kusahau uzito. Tangi la mchanga likipasuka sebuleni si jambo dogo.

Wavu ukatolewa, kioo kikawa mfuniko, kikiachwa upenyo wa kidole. Kipima joto na kipima unyevu vidogo vikabandikwa ndani. Tulitaka joto la nyuzi 24 hadi 29 na unyevu wa asilimia 75 hadi 85. Wakati wa masika Mwanza inakusaidia, maana hewa yenyewe ni nzito. Usiku ndio unaosumbua. Sisi tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kaa hawa wametoka mahali ambapo usiku unatoka jasho. Kaka akafunga balbu juu ya kioo, upande wa Pilipili, ili Bosi asibughudhiwe na mwanga. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga iliegeshwa kwenye kioo kwa nje.

Maji ya chumvi yalitoka Tanga. Shemeji yake kaka alijaza dumu la lita 20 baharini, akalituma kwa basi. Kaa hawa wanahitaji visahani viwili, cha maji baridi na cha maji ya bahari, na huchagua wenyewe wanachokijaza ndani ya kombe. Asiye na ndugu pwani anahitaji chumvi ya kutengenezea maji ya bahari ya matangi, gramu 35 hivi kwa lita. Chumvi ya mezani haifai hata kidogo. Bahari si chumvi ya kupikia peke yake, ina magnesi, kalsi na mengine mengi.

Tarehe 22 Machi Bosi aliingia kwenye nyumba mpya. Tarehe 24 usiku alianza kuchimba karibu na kioo cha nyuma. Asubuhi palikuwa na kilima kidogo tu. Binti akabandika boksi upande ule ili giza lisikatike, akaandika juu yake kwa kalamu: "Bosi yuko kazini. Usiguse."

Siku sitini na tatu

Kungoja ndiyo sehemu iliyomchosha kila mtu. Wifi, ambaye ni mama mwenye huruma sana, aliniambia wiki ya tatu: "Wifi, tumemjengea kaburi zuri." Kaka alitaka kufukua kidogo, pembeni, aone mguu tu. Nilimwambia, kaka, tumeshafukua mara moja.

Tarehe 22 Aprili, siku ya 29, harufu ikaja. Binti alinipigia sauti imekauka: "Shangazi, inanuka." Nilipanda daladala kutoka Igoma nikiwa na hakika kwamba tumempoteza.

Lakini mji huu unajua harufu za samaki. Nilipofungua kioo nikainama, pua iliniambia jambo ambalo wasiwasi ulikuwa umelificha: ilikuwa harufu ya dagaa, ile ya gunia lililonyeshewa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na ilikuwa kali zaidi upande wa Pilipili. Nikainua kifuu cha nazi anachojificha. Chini yake kulikuwa na dagaa watatu waliolowa, alikuwa amewaburuta na kuwafukia. Tukawatoa, tukamwaga maji ya visahani, tukafuta kioo, tukaacha. Kesho yake harufu ilikuwa imekwisha.

Huo ndio utaratibu ambao sasa naushikilia. Harufu ikitokea, ondoa kwanza chakula chote na maji yote. Ngoja siku moja au mbili. Harufu ya kaa aliyekufa haiishi kwa kufuta kioo, inaongezeka, nayo inatoka mchangani pale alipojifukia, wala huhitaji kumuuliza mtu. Ikiwa hivyo, hapo fukua, kwa vidole, ukianzia pembeni. Ikiwa si hivyo, kaa yuko hai mpaka ajitokeze mwenyewe, hata kama miezi miwili imepita.

Siku kumi baadaye likaja la Pilipili, na hili lilikuwa kosa langu la pili.

Tulipojenga upya nilikuwa nawaza Bosi tu. Mchanga ulipopungua, upande wa Pilipili tuliuacha na sentimita nane, kwa kuwa hakuwa na dalili. Kisha tukamwekea balbu juu ya kichwa. Karibu wiki sita za balbu zikakausha mchanga ule mpaka chini. Tarehe 2 Mei asubuhi mtoto alikuwa analia kwenye simu. "Pilipili ametoka kwenye kombe. Amelala. Miguu imeachana."

"Ananuka?"

Kimya kidogo. "Hapana, shangazi."

"Usimguse. Nakuja."

Nje ya kombe kulikuwa na rundo la miguu, gando moja, na vile vivimbe viwili vya macho. Nililigusa kwa njiti. Lilikuwa jepesi, tupu ndani, kama ganda la karanga. Nikainama na tochi nikamulika ndani ya kombe. Huko ndani kabisa kulikuwa na kitu chenye rangi ya waridi, kibichi, kikajivuta nyuma polepole.

Alikuwa amejivua juu ya mchanga. Hatukumhamisha. Tulikata dumu la maji la lita tano, tukatoboa matundu, tukamfunika nalo pale pale alipo na kulikandamiza mchangani ili lisisogee. Gamba lake tuliliacha ndani, ubavuni kwake, lote. Kisahani kidogo cha maji ya bahari kikaingia. Mchanga wa pembeni nikaulowesha kwa kijiko, tone kwa tone, bila kumgusa. Juu ya dumu kanga ya giza. Balbu ikahamishwa kwenda nyuma ya kioo, katikati, ipashe ukuta na si mchanga.

Siku nne gamba halikupungua. Siku ya tano binti aliona ncha ya mguu mmoja imetafunwa. Siku ya 16 Pilipili alitembea. Miguu yake miwili haina ncha. Nadhani ilikwama kwenye gamba kavu wakati anajichomoa. Kwa kaa hilo si ulemavu wa kudumu. Chipukizi la mguu, kama jeli ndogo iliyofungwa, huota pale ulipokatikia, na akijivua tena hufunguka kuwa mguu, mdogo kwanza, kisha wa kawaida.

Katikati ya pilika hizo wifi aliuliza swali zuri: kwa nini tusiwaachie tu ziwani, nao wakajitafutia? Nilimjibu kwa kutumia wale wale kaa wa Capri Point. Mama wa kaa wa ziwani hubeba mayai chini ya tumbo, na yanapoanguliwa wanatoka kaa wadogo waliokamilika. Ziwa limewatosha tangu yai. Mama wa kaa wa kombe hana budi kurudi baharini kuyaachia mayai yake, na wanaotoka ni viluwiluwi wanaoelea kwenye maji ya chumvi kwa wiki kadhaa. Hapa Viktoria hakuna chumvi wanayoihitaji na hakuna mzunguko utakaofungika. Kuwaachia hapa ni kuwaua taratibu, tena kwa kumwingizia ziwa mgeni ambaye hakumwomba.

Kwa sababu hiyohiyo, karibu kila kaa wa kombe unayemwona kwenye tangi ametolewa ufukweni. Hakuzaliwa nyumbani kwa mtu. Wapo waliofugwa wakafikisha zaidi ya miaka 30, kwa hiyo binti wa kaka anaweza kuwa mama wa watoto wake Bosi akiwa bado anachimba. Nilimwambia kaka waziwazi kwamba nisingependa aje na wengine. Akanikubalia kabla sijamaliza sentensi.

Bosi anatoka

Tarehe 26 Mei, siku ya 63, usiku, kilima kilipasuka. Binti alikuwa macho kinyume cha amri. Aliniambia kwamba kwanza lilitoka gando la kushoto, lile kubwa analofungia mlango wa kombe, kisha akakaa hivyo karibu nusu saa, akinusa kwa vipapasio. Alipotoka mzima alikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, na vinyweleo vyote vya miguuni vilikuwa vimesimama, vipya. Gamba la zamani halikuonekana popote, alilimaliza chini.

Tulikuwa tumemwandalia chakula: maganda ya mayai yaliyosagwa, dagaa wasio na chumvi, karoti iliyokunwa, kipande cha nazi. Hakukigusa usiku ule.

Makombe tuliyaandaa mapema zaidi, kwa sababu kaa aliyetoka kukua huenda nyumba yake imembana, na asipopata kubwa zaidi atang'ang'ania mwenzake. Shemeji alituma manne ya mdomo wa duara kutoka Tanga. Mawili tuliyaokota bustanini, ya konokono wale wakubwa wa nchi kavu. Katika visiwa vya Bahari ya Hindi kaa hawa huyatumia sana. Yote yalichemshwa, yakapoa. Yaliyopakwa rangi, yanayouzwa kama mapambo, tuliyakataa. Rangi hubanduka na kaa huila. Anayetaka kutafuta makombe kando ya ziwa aokote yale makavu ya ufukweni tu, asiingie majini kwenye majani kuyatafuta. Kichocho cha huku kinatoka kwa konokono wa hayo hayo maji.

Usiku wa tatu Bosi alihama. Alizunguka kombe la bustanini, akaligeuza, akaingiza gando kupima kina, akajirusha ndani kwa tumbo lake laini lililopinda. Alikaa humo mpaka alfajiri, kisha akahamia la Tanga lenye mdomo wa duara, na huko ndiko aliko.

Upande wa Pilipili sasa una sentimita 20, umeloweshwa, na kioo cha kugawa bado kipo. Hakitatolewa mpaka naye ajifukie na kutoka, na miguu yake ionekane. Kiangazi kimeingia, kipima unyevu kinashuka kila mchana upepo wa ziwani unapovuma, na binti hulowesha kona moja kila jioni baada ya shule. Kwenye ukurasa wa 26 Mei ameandika: "Bosi ametoka. Amekwenda kwanza kwenye maji ya bahari. Amekunywa muda mrefu. Sijamgusa."